Biogesi: mapovu kwenye chemba ya kutolea kila asubuhi. Niiachie, niichome au nipunguze samadi?

Mfugaji_Meru:

Habari wakuu. Naomba ushauri wa wanaoijua mitambo ya biogesi kwa undani.

Mtambo ni ule wa kuba ya matofali uliofukiwa ardhini, mita za ujazo 6. Ng'ombe wa maziwa ni watatu, wote wa kufungia. Kwa siku zinaingia ndoo mbili na nusu za kinyesi (ndoo ya lita 20) na maji kiasi hichohicho. Jiko ni la bana moja, linawaka jumla ya saa tatu kwa siku ukichanganya asubuhi, mchana na jioni. Bomba la nusu inchi kutoka kwenye kuba hadi jikoni lina urefu wa mita 25 hivi.

Shida yenyewe: kila asubuhi chemba ya kutolea tope inatoa mapovu makubwa na harufu ya mayai viza, na ikifika saa nne yanakwisha. Jikoni moto unarukaruka, mara nyingine unakuwa wa njano na kutia masizi sufuria. Ushauri niliopewa unapingana. Mmoja anasema nifungue koki usiku gesi itoke ili kuba isipasuke. Mwingine anasema ninunue kompresa ya friji nijaze kwenye mtungi wa kilo 15. Wa tatu anasema niache kama ilivyo. Na hili la methani (ile gesi inayowaka ndani ya biogesi) kupasha dunia joto, kwa mtambo mdogo kama huu lina uzito wowote, au ni la visima vya gesi na viwanda?

Fundi_Kuba:

Mkuu, anza kwa kutofungua koki usiku. Kuba haitapasuka. Mtambo wa aina hii una njia yake ya kupumua: gesi ikizidi inasukuma tope kutoka ndani kwenda chemba ya kutolea, na tope likishuka ndani hadi usawa wa mlango wa chini, gesi inapenya na kutoka kama mapovu. Hayo ndiyo unayoyaona. Presha ndani ya kuba ni tofauti ya kimo kati ya tope la chemba na tope la ndani, kwa hiyo haiwezi kuzidi takriban mita moja ya maji. Hiyo ni sehemu ya kumi ya bar, wala haifiki hata nusu ya presha ya tairi la baiskeli.

Kwa hiyo kuba iko salama. Unachopoteza ni gesi. Kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa lita 35 hadi 40 za gesi kwa kilo, kwa joto la ardhini la huko kwenu pengine upande wa chini. Ndoo mbili na nusu ni kama kilo 50, basi unazalisha karibu mita za ujazo 1.8 kwa siku. Bana moja ya nyumbani hula mita 0.3 hadi 0.4 kwa saa. Saa tatu ni kama mita 1.05. Kila siku zinabaki mita 0.75 zisizo na kazi. Usiku hakuna anayepika na mtambo hausimami: lita 75 kwa saa, saa kumi za usiku zinajaza nafasi yote ya gesi, na alfajiri inaanza kumwagika. Ukishapika chai na uji, nafasi inapatikana na mapovu yanakoma.

Kabla hujabadilisha chochote, pima. Nunua mpira mwangavu wa mita 3, ukunje herufi U kwenye ubao, tia maji yenye rangi hadi katikati, upande mmoja uunge kwenye tii (kiungo cha herufi T) ya bomba karibu na jiko, upande wa pili uache wazi. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ndiyo presha yako kwa sentimita. Soma jioni baada ya kupika, soma alfajiri kabla ya kuwasha. Kisha pima bomba peke yake: presha ikiwa juu, funga koki kuu ya kwenye kuba na koki ya jiko, ngoja nusu saa uone inashuka kiasi gani. Kipimo hiki fanya jua likishatua. Bomba likipata joto au kupoa kwa nyuzi moja tu, maji yanahama zaidi ya sentimita 3, na utadhani linavuja au linajaa wakati hakuna kitu.

Moto unaorukaruka ni maji ndani ya bomba. Biogesi inatoka kwenye kuba ikiwa imejaa mvuke, unapoa njiani na kuwa matone. Bomba lilipaswa kuinamia upande mmoja, angalau sentimita 1 kwa kila mita, na sehemu ya chini kabisa pawe na mtego wa maji: tii inayotazama chini, kipande kifupi cha bomba, na kizibo au koki ndogo ya kumwagia. Mara nyingi fundi anaweka mtego, halafu mtaro unatitia baada ya mvua na bomba linapata tumbo mahali pengine ambapo hakuna mtego. Lifukue ulitazame lote kwa kamba na pima maji. Moto wa njano ni upungufu wa hewa: zungusha ule mkono wa kwenye shingo ya bana hadi ncha ya moto iwe ya buluu na imekaa kwenye matundu. Ukiona moto unanyanyuka na kuacha bana, hewa au presha imezidi, punguza koki.

Mboji_Kwanza:

Naunga mkono ya fundi kuhusu mapovu, ila kwenye hali ya hewa nadhani tunatishana. Kinyesi ni kinyesi. Kikiachwa shambani kitaoza na methani itatoka hivyo hivyo. Mtambo umekusanya tu kilichokuwa kinatoka.

Binti_Nishati:

Mboji_Kwanza, hapo ndipo wengi wanapokosea, na ndilo jambo linalofanya swali la Mfugaji_Meru liwe zito.

Methani hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Kinyesi kilichotandazwa shambani au kurundikwa pamoja na majani makavu kinapata hewa, na sehemu kubwa ya kaboni yake inatoka kama kaboni dioksidi. Kwenye lundo kavu, methani inayotoka ni asilimia chache tu ya kile ambacho kinyesi hicho kingeweza kutoa. Ukikichanganya na maji na kukifungia chini ya ardhi kwa mwezi na nusu, unawawekea wale vijidudu mazingira wanayoyataka. Mtambo wa biogesi ni kiwanda cha methani. Gesi iliyomo haikuwa itoke, wewe umeitengeneza. Ikiungua, umefanya jambo jema mara mbili: umepika, na kilichorudi hewani ni kaboni dioksidi iliyotokana na majani yaliyoota juzi. Ikivuja, umeongeza hewani kitu ambacho lundo la mbolea lisingeongeza. Kinyesi kingekuwa kinakaa kwenye dimbwi la maji, kama kwenye mabanda mengi ya nguruwe, hoja yako ingekuwa sahihi. Kwa zizi kavu, hapana.

Sasa uzito wake. Mita 0.75 kwa siku, methani ikiwa asilimia 60, ni mita 0.45 za methani. Kila mita ya ujazo ina uzito wa kilo 0.67 kwenye joto la kawaida, kwa hiyo ni kilo 0.3 kwa siku, kilo 110 kwa mwaka. Linganisha: mwongozo wa IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi) wa mwaka 2006 unakadiria kwamba ng'ombe wa maziwa wa Afrika hucheua kilo 46 za methani kwa mwaka. Yale mapovu ya asubuhi yanazidi cheuo la ng'ombe wako wawili.

Kilo moja ya methani hupasha joto kama kilo 27 hivi za kaboni dioksidi ukihesabu kwa miaka 100, na karibu kilo 80 ukihesabu kwa miaka 20. Tofauti inatokana na umri wake: hukaa hewani kama miaka 12 tu, ila kwa muda huo hushika joto kwa nguvu sana. Kwa kipimo chepesi cha miaka 100, mapovu yako ni sawa na karibu tani 3 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Gesi unayopikia kweli, mita 1.05 kwa siku, inachukua nafasi ya kilo 1.6 za mkaa, yaani kilo 580 kwa mwaka, ambazo zikiungua jikoni hutoa kama tani 1.7, bila kuhesabu kinachopotea kwenye tanuri la mkaa porini. Ungepikia gesi ya mtungi ungetumia kilo 165 kwa mwaka, karibu nusu tani ya kaboni dioksidi. Kwa maneno mengine, mtambo huu jinsi unavyoendeshwa sasa unaumiza hewa kuliko gesi ya mtungi, na faida yake juu ya mkaa ni ya kubishaniwa. Hilo halitokani na biogesi kuwa mbaya. Linatokana na robo tatu ya mita inayomwagika kila siku.

Na ni sheria ileile kwa gesi asilia. Ya Songo Songo, inayozalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004, ni methani kwa karibu asilimia 97. Ikiungua mtamboni hutoa takriban nusu ya kaboni dioksidi ya makaa ya mawe kwa umeme uleule. Ila ikivuja zaidi ya asilimia 3 hivi njiani, kuanzia kisimani hadi kwenye mtambo, ubora huo unafutika kwa miaka 20 ya mwanzo. Ndiyo maana kule wanahangaika na vali, kompresa na mienge ya kuchomea. Hewani methani imepanda kutoka takriban sehemu 0.7 kwa milioni kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 1.9 sasa, na mifugo, mashamba ya mpunga na madampo vinachangia pamoja na visima. Mdogo hajasamehewa, lakini mdogo ndiye anayeweza kurekebisha ndani ya wiki moja bila kuomba kibali cha mtu.

Kuhusu mtungi: tafadhali usifanye. Gesi ya mtungi ni propani na butani, zinageuka kimiminika kwa presha ndogo, ndiyo maana kilo 15 zinaingia kwenye chombo cha lita 36. Methani haigeuki kimiminika kwa joto la kwetu hata uibane vipi; lazima kwanza ipoe chini ya nyuzi 82 hasi. Ukiibana kwa bar 8 kwenye mtungi huo, unapata mita 0.32 za biogesi, chini ya saa moja ya kupika. Magari ya gesi asilia yanatumia mitungi minene iliyotengenezwa kwa bar 200, gesi ikiwa imesafishwa na kukaushwa. Kompresa ya friji ikivuta hewa kidogo kwenye kiungo kilicholegea, unapata mchanganyiko ndani ya chuma chenye moto na umeme; methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka. Na ile harufu ya mayai viza ni haidrojeni salfaidi, inakula shaba na chuma cha vali kutoka ndani bila wewe kuona.

Mboji_Kwanza:

Nimeelewa hoja ya lundo kavu. Basi niongeze upande wangu: tope linalotoka nalo bado linachacha. Usilikusanye kwenye shimo la wazi likakaa kama bwawa. Lielekeze kwenye shimo la mboji lenye mabua ya mahindi au majani ya migomba, tabaka la majani la kiganja kimoja kila baada ya siku chache, na uligeuze. Au lipeleke shambani siku hiyohiyo kwenye mfereji na ulifunike na udongo, maana juani naitrojeni yake inaruka kama amonia. Na kama kinyesi kinazidi, kwa nini akiingize chote? Kilichozidi kiende kwenye mboji moja kwa moja.

Mfugaji_Meru:

Asanteni sana. Nimepima kama fundi alivyoelekeza. Jioni baada ya kupika sentimita 25, alfajiri 85 na mapovu yameshaanza. Bomba peke yake, usiku, limeshuka kutoka 60 hadi 41 kwa nusu saa. Nimeogopa hapo. Bomba linavuja kiasi hicho, au ndiyo shida yote? Na jirani anasema nifungue tangi niingie nitazame nyufa.

Fundi_Kuba:

Usiingie. Ndani ya tangi hakuna oksijeni ya kutosha na ile haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi pua inaacha kuinusa kabla mtu hajaanguka. Wanaokufa mashimoni mara nyingi ni wawili: aliyeingia na aliyemfuata kumwokoa. Na huna sababu ya kuingia. Kuba yenye ufa haifikishi sentimita 85; ingekwama chini, pale ufa ulipo, na chemba isingetoa mapovu hata kidogo. Kama mtambo wako ni wa aina yenye mfuniko shingoni uliozibwa kwa udongo wa mfinyanzi, tazama tu yale maji ya juu ya mfuniko. Yakiwa tulivu bila kipovu, ni sawa. Yasikauke kamwe, udongo ukipasuka gesi inapita.

Bomba linavuja, ndiyo, ila piga hesabu kabla ya kuogopa. Mita 25 za nusu inchi zina lita 5 za gesi. Kushuka sentimita 19 ni chini ya asilimia 2 ya presha yote ukijumlisha ya hewa, basi imetoka chini ya sehemu moja ya kumi ya lita kwa nusu saa. Kwa siku ni lita 4 au 5. Mapovu yanachukua 750. Kipimo cha mpira ni kikali sana kwa bomba jembamba, kinaonyesha hata tundu la sindano. Uvujaji huu utengeneze kwa sababu ya usalama, hasa ukiwa upande wa jikoni, si kwa sababu ya kiasi. Pitisha povu la sabuni ya maji kwa brashi kwenye kila kiungo, kuanzia koki ya jiko kurudi nyuma. Si njiti ya kiberiti. Mara nyingi utaikuta kwenye koki yenyewe, kwenye mpira uliokauka unaoingia bana, au kwenye kiungo cha nyuzi kilichofungwa bila tepu nyeupe ya kutosha. Fungua, safisha nyuzi, zungusha tepu upande wa kukazia mara sita hadi nane, kaza, rudia sabuni.

Gesi kubwa inaokolewa kwa mizani ya kuingiza na kutumia. Shusha kinyesi hadi ndoo mbili kwa siku na maji ndoo mbili. Uzalishaji utaelekea mita 1.5, maana tope likikaa ndani siku nyingi zaidi kila kilo inatoa kidogo zaidi, na linalotoka linakuwa limechacha vizuri, haliendelei kutoa gesi kwenye chemba. Usishushe ghafla zaidi ya hapo. Halafu tafuta kazi ya saa kumi na moja alfajiri, kuba ikiwa imejaa: chemsha maji ya kuoshea viwele na vyombo vya maziwa. Lita 20 kutoka baridi hadi nyuzi 90 zinakula nusu mita ya ujazo. Ukijumlisha na mapishi unafika 1.55, na hesabu imefungana.

Binti_Nishati:

Nyongeza kwa msimu. Mwezi wa sita na wa saba ardhi ikipoa huko Meru gesi itapungua yenyewe, hapo rudisha ndoo mbili na nusu, taratibu, nusu ndoo kwa wiki. Januari na Februari itazidi tena. Siku mnayosafiri na hakuna wa kupika, usimwache mtu afungue koki tu. Aliyebaki awashe bana asubuhi na jioni akiwa hapohapo, hata sufuria ikiwa haina kitu cha maana zaidi ya maji ya ng'ombe. Kama hakuna anayebaki, anza kupunguza kinyesi wiki mbili kabla. Mtambo hauitikii kesho yake.

Ukitaka kuhifadhi, njia salama ni mfuko wa plastiki nzito wa mita 1 ya ujazo, kivulini, mbali na jiko, wenye kinga ya maji: kipande cha bomba kilichozamishwa sentimita 15 ndani ya chupa ili presha ikizidi itokee hapo nje, si kupasua mfuko. Ila kwa hesabu za fundi sioni kama utauhitaji.

Mfugaji_Meru:

Nimeshukuru. Swali la mwisho: nitajuaje kwamba nimefikia pale panapotakiwa? Nitazame mapovu tu?

Fundi_Kuba:

Tazama mpira, mapovu yanachelewa kukuambia. Mpe mtambo wiki tatu baada ya kupunguza. Alfajiri presha iwe kati ya 60 na 75 bila povu, jioni baada ya mapishi ya mwisho isiwe chini ya 10. Alfajiri ikirudi 80 na zaidi, ongeza maji ya kuchemsha au toa robo ndoo ya kinyesi. Jioni ikigusa 5 na moto unalegea kabla ya ugali kuiva, rudisha robo ndoo. Na ikishuka zote mbili bila wewe kupunguza kitu, usiongeze kinyesi kwa haraka. Uliza kwanza kama kuna ng'ombe aliyechomwa antibayotiki au kama maji ya kuogeshea kupe yameingia kwenye mfereji wa zizi, maana hivyo vinaua wale vijidudu. Kinyesi cha ng'ombe anayetibiwa kiende kwenye mboji hadi siku za kumwaga maziwa yake ziishe.